Picha ya Philomène Kwenye Mkeka

Mwezi wa tatu wa mwaka 1953, mvua zikielekea kuisha, nilimpoteza mke wangu Philomène. Homa ilimkamata mwanzo wa juma, na kabla ya Jumapili tulikuwa tumekwisha kumzika. Aliniachia binti mmoja, Odile, ambaye alikuwa hajajua bado kusema maneno mawili yakafuatana.

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa hukuzaliwa kwangu, umenunua kamera na umeniomba nikufundishe. Mambo ya mwanga na umbali utayajua mwenyewe kwa kuharibu filimu, kama tulivyoyajua sisi wote. Mimi nitakufundisha jambo moja, nalo haliko ndani ya kamera. Uwe na subira, kwa sababu siwezi kulisema bila kumtaja Philomène, na nikimtaja huwa nakwenda polepole.

Siku hizo mji wetu ulikuwa unaitwa Elisabethville. Mimi nilikuwa kijana wa kazi ya reli. Juma zima nilishika nyundo katika karakana, na Jumapili baada ya misa nilikuwa mtu wa picha. Kamera yangu ilikuwa kisanduku cheusi tu, aliyeniachia ni msimamizi mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Kila ukipiga picha ulipaswa kuizungusha filimu kwa mkono, huku unachungulia namba katika kidirisha chekundu cha nyuma. Ukisahau kuzungusha, watu wasiojuana wanajikuta wamekaa juu ya picha moja. Niliwahi kumweka katekista juu ya mbuzi wa jirani yake, na alikataa kunisalimia mpaka Pasaka.

Watu wa cité, mtaa wetu wa Waafrika, walitaka picha za namna moja: nguo za misa, uso mbele, mikono imenyooka, mwili mzima kuanzia kofia mpaka viatu. Hasa viatu. Picha nyingi zilikuwa za kupeleka kijijini, na mtu alitaka ndugu zake waone kwamba mji haukumpunguza. Jumapili moja mchochea makaa wa garimoshi alinifuata mpaka nyumbani, picha mkononi, mke wangu akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mlangoni.

"Miguu yangu iko wapi?" aliuliza.

"Si njo hiyo umesimamia?"

"Mu foto! Foto inaenda ku Mitwaba! Bandugu bataona mi nimeishia mu magoti, batasema mashini ya reli ilinikata. Bataanza kulia matanga, na mi niko huku ninakula bukari!"

Philomène aliacha mchi akacheka mpaka akakaa chini. "Rudia kumupiga, Baba Dona," aliniambia. "Umurudishie muntu miguu yake." Alikuwa ananiita hivyo kwa sababu ya mtoto wetu wa kwanza, Donatien.

Nilimrudia, lakini picha za kupenda moyoni mwangu zilikuwa nyingine. Nilipenda baiskeli zinapomiminika barabarani king'ora cha kazi kinapolia. Nilipenda akina mama kwenye bomba la maji wakigombania zamu, na fundi cherehani aliyelala na utepe wa kupimia shingoni. Nilipenda watu wasiojua kwamba wanatazamwa. Filimu zangu nilizisafisha kwa Baba Sylvestre, mzee mwenye studio ndogo karibu na soko, na yeye kila mara alizitundika kwenye kamba huku akitikisa kichwa.

"Bamama na masufuria tena! Nani atatundika hii ku kibambazi ya nyumba yake?"

"Mi mwenyewe."

"Basi uko mugonjwa. Bibi yako anajua?"

Mke wangu alijua, na alinicheka kama alivyomcheka mtu wa miguu. Yeye pia alisema picha ni kitu cha kujiandalia. Yake aliiahirisha mara kwa mara: mpaka asuke nywele, mpaka apate kitenge kipya, mpaka mtoto akue kidogo. Picha pekee aliyokuwa nayo ni ile ya ndoa, ambayo Padri alitupigia kwenye ngazi za kanisa pamoja na wenzetu wote waliofunga ndoa siku ile. Humo uso wake ni mdogo kama punje ya mchele, na kivuli cha kitambaa kimeufunika.

Kisha Donatien alikufa kwa surua. Alikuwa ameanza kukimbia.

Kwetu sisi watu wa kaskazini, upande wa Mitwaba, mama aliyefiwa alikuwa anakaa chini kwenye mkeka, nywele zimefumuliwa, hapaki mafuta, havai kitu cha rangi, mpaka wazee wamwoshe na kumaliza msiba. Wanawake wa kiwanja chetu walikaa naye kwa zamu. Asubuhi moja waliondoka kwenda kuteka maji, akabaki peke yake. Jua lilikuwa linaingia juu ya ukuta wa matofali na kumwangukia upande mmoja wa uso. Hakuwa analia. Alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe kama mtu anayetazama chombo asichojua matumizi yake. Na mimi, mwanangu, nilikuwa mlangoni na sikujua la kumwambia mke wangu. Nilikwenda kuchukua kamera. Nikapiga mara moja tu. Hakusikia.

Hakuna aliyekuwa ametukataza. Wazee waliopanga mambo ya msiba hawakuijua kamera, kwa hiyo hawakuiwekea neno. Lakini mkono wangu ulitetemeka, na mkono hautetemeki bure.

Msiba ulipokwisha nilimletea picha ile. Usidhani nilitaka kumwumiza. Nilidhani akiona nilivyomwona atajua kwamba sikumwacha peke yake asubuhi ile. Aliishika kwa vidole vya pembeni, akaitazama, akanigeuzia.

"Uliniomba?"

"Apana."

"Bantu bote unabambia: simama, geuka, chekelea. Mi haukuniomba hata kidogo."

Akaendelea kwa sauti ya chini, kwa sababu Philomène hakuwa mtu wa kupiga kelele. "Kama Mungu atatupatia batoto bengine, sipendi banione hivi. Banione mama yabo, hapana uyu wa ku mukeka. Ikate."

Nilichukua mkasi wake wa kushonea nikaikata filimu mbele yake, na picha yenyewe tukaitia motoni. Nikamwapia kwamba imekwisha. Aliponisamehe alinisamehe kabisa, hakuirudia habari hiyo. Mwaka uliofuata hakutaka picha kwa sababu alikuwa amekonda. "Mupaka ninone kidogo," alisema. Odile akazaliwa, akabatizwa, na Philomène akawa anasema bado. Halafu ikaja homa niliyokutajia.

Baada ya hapo nyumba yangu ikawa na ukimya wa namna ambayo sikuwahi kuisikia. Mama mkwe alishuka kutoka Mitwaba kuja kumlea mtoto, akapewa chumba cha nyuma. Unajua heshima yetu kwa mama wa mke: mimi sikuweza kula pamoja naye wala kumtazama usoni. Tulizungumza kila mmoja akiangalia upande wake, yeye akiniita mukwe, mimi nikimwita mukwe. Jioni nilisikia vicheko vyake na Odile nyuma ya nyumba, na mimi nilikula ndani, peke yangu. Picha za barabarani niliendelea kupiga, lakini nilianza kuona kwamba nilikuwa natafuta mabega fulani katika kundi la watu kwenye bomba.

Odile alipoanza shule kwa masista alipenda kunipanda magotini na ile picha ya ngazi za kanisa.

"Mama njo uyu?"

"Njo yeye."

"Hana macho."

"Alikuwa nayo. Ni foto tu iko mbali."

"Basi karibisha foto," alisema. Alidhani baba yake, mtu wa picha, anaweza kuisogeza karibu.

Wakati huo macho ya Baba Sylvestre yalikuwa yanakufa, naye alikuwa anafunga studio arudi kwao. Akaniita niondoe vitu vyangu. Katika bati moja la biskuti nilikuta vipande vya karatasi alivyokuwa akivitumia kupima mwanga kabla ya kutoa picha yenyewe. Karatasi moja haikuwa kipande, bali picha nzima ya majaribio, iliyotangulia ile tuliyoichoma. Ilikuwa Philomène mzima, kwenye mkeka, jua upande mmoja wa uso, kila unyusi mahali pake.

Niliketi juu ya kreti. Sikuwa nimemwona kwa miaka.

"Umepata nini?" mzee aliuliza, kwa kuwa yeye hakuona tena vizuri. Nikamwambia, na nikamwambia pia habari ya mkasi na kiapo. Alifikiri, halafu akasema: "Wafu hawana foto za kuficha. Mutoto iko anauliza macho ya mama yake, na weye unayo mu mukono. Mupatie. Bibi yako akikasirika, mutaongea kule juu."

Nilitembea nayo ndani ya shati mpaka nyumbani, na njia nzima maneno ya mzee yalikuwa matamu. Ningempa Odile nini kingine? Yule wa ngazini alikuwa gauni tu. Huyu alikuwa mama yake: paji lile, mdomo ule, kidoti kile chini ya jicho. Lakini kila nikiwaza Odile ameishika picha, nilisikia pia: sipendi banione hivi.

Nilipofika, mama mkwe alikuwa ameketi mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, anasonga bukari, yaani ugali. Niliinama pembeni, macho chini kama inavyopasa, nikamnyooshea picha kwa mikono miwili. Naye hakuwa na picha ya binti yake. Sikuweza kumwona uso. Niliona mikono yake tu: iliipokea, ikaifuta unga, ikabaki vile muda mrefu. Dole gumba lilipita polepole juu ya nywele zile zilizofumuliwa, kama linazisuka.

"Yeye mwenyewe aliiona?" aliuliza.

Mwanangu, hapo ningeweza kusema hapana. Neno moja tu, na picha ingekaa ukutani, na hakuna mtu duniani ambaye angejua.

"Aliiona, mukwe."

"Alisema nini?"

Nikamwambia yote, pamoja na yale ya watoto watakaokuja. Alisikiliza. Bukari ilianza kushika chini, nikasikia harufu yake.

"Mi nilimuzaa," alisema mwishoni, "lakini ile neno hakuniachia mi. Aliachia weye." Akanirudishia picha, uso ukiwa chini.

Nilipopiga hatua kuelekea mbabula, yeye bila neno aliinua sufuria kutoka motoni akaishika hewani kwa kitambaa, ili nipate nafasi. Nikaitia picha. Ilijikunja kwanza pembeni, ikawa ya kahawia, ikawa nyeusi. Alipoona imekwisha aliirudisha sufuria. Odile alirudi kutoka shule akala chakula kilichoiva juu ya moto ule, na mimi nilikula changu ndani.

Nilificha habari hiyo mpaka Odile alipokuwa mwanamke, amechumbiwa, anafunga vitu vyake kuondoka kwangu. Bibi yake, ambaye yeye alimwita nkambo, alikuwa amekwisha kufariki. Niliona si haki aondoke na baba anayemficha jambo. Nikamwambia kama ninavyokuambia wewe. Aliendelea kukunja nguo, akakunja tena ile aliyokwisha kukunja.

"Mama ulimusikiliza, ata kama ni nyuma ya kumupiga foto," alisema. "Nkambo ulimuuliza. Na mi?"

"Weye ulikuwa mutoto."

"Nilikuwa mutoto wake. Ungeniuliza na mi, baba. Labda mi ningesema uichome. Lakini ungeniuliza."

Akatoka na mizigo yake.

Basi nasaha yangu ni hii. Kabla hujainua kamera, omba. Ukioa, omba hata kwa mkeo, omba hasa kwa mkeo, kwa maana watu wa nyumbani ndio tunaodhani kwamba nyuso zao ni zetu. Mtu akikukatalia uso wake, umwachie, na akifa umwachie vilevile. Kutimiza kiapo kunaweza kukuachia nyumba tupu. Mimi sitakudanganya kwamba moyo wangu ulipata raha siku ile, kwa sababu haukupata. Na jambo linapowagusa wengi, usihesabu watu wazima tu. Mtoto pia ana sehemu yake. Mketishe, mweleze, umsikilize, ndipo uamue. Mimi nilijifunza kuomba nikiwa nimechelewa, na hata nilipojifunza nilimruka mmoja.

Mungu akupe mkono usiotetemeka, mwanangu, na kama utatetemeka, akupe akili ya kuusikiliza. Akupe mke wa kucheka naye mlangoni, na watoto wanaokua mpaka wakubishie. Picha zako zisimletee mtu aibu. Na siku utakapobaki peke yako, kwa sababu wengi wetu tunaifikia, pawepo mtu anayefungua mlango wako.

Odile alikaa muda mrefu bila kuja. Kisha Jumapili moja baada ya misa nilisikia mtu anasukuma mlango, akaingia yeye, amevaa kitenge cha mwanamke aliyeolewa. Hakutaja picha, nami sikutaja. Alitoa mashuka kitandani pangu, akayafua uani, akayaanika kwenye ukuta wa matofali. Akaniambia niyatoe kabla ya mvua, akarudi kwa mume wake.