Mteremko wa Masanze

Mume wangu alipopata kazi ya ujenzi wa reli huko Tabora, nilibaki Kilosa na baba yangu, ambaye kiharusi kilikuwa kimemdhoofisha upande wa kushoto. Mchana niliuza dawa katika duka moja karibu na soko. Jioni nilimpikia baba uji, nikamkanda mkono, kisha nikawa sijui nijiweke wapi. Nikikaa, mguu unachezacheza wenyewe. Nikilala, nageuka mpaka shuka linanizonga shingoni. Kuna jioni nilifagia uwanja ambao nilikwishaufagia asubuhi, na hata jani moja lilikuwa halijaanguka.

Baiskeli ndiyo iliyonipa pa kuyapeleka mahangaiko hayo. Ilikuwa ya mtumba, niliipata Morogoro, ile ya milimani yenye tairi pana, na gia zake nyingine hazikuingia mpaka uzibembeleze. Nilipanda nayo vilima vya nyuma ya mji alfajiri, kabla ya kufungua duka. Wanawake waliokuwa wakienda shambani waliniuliza, "Mwanangu, wakimbilia wapi?" Sikuwa nakimbilia popote.

Basi vijana wa Mikumi walipotangaza mbio za baiskeli za milimani, kutoka uwanja wa mpira wa Kilosa, juu ya vilima mpaka Masanze na kurudi, nilijiandikisha kabla sijamuuliza mtu. Baba nilimwambia baadaye. Ujana wake wote alifanya kazi reli, na baiskeli ndiyo iliyokuwa ikimfikisha kazini. Alinisikiliza, mdomo umepinda kidogo kama ulivyokuwa siku hizo, akasema polepole, "Nenda. Mimi si mtoto wa kunyonya."

Jirani yangu, mama mmoja mwenye moyo, alikubali kukaa naye asubuhi hiyo. Nilimwachia namba yangu ingawa alikuwa nayo siku zote.

Wanawake tulikuwa wachache pale uwanjani. Niliyemwogopa ni binti mmoja wa Ruaha, mwembamba, miguu migumu kama mpini, aliyekulia kwenye njia za mashamba ya miwa. Alinisalimia kwa kichwa tu. Filimbi ilipolia, aliondoka kama aliyeitwa nyumbani, nami nikamfuata.

Kilima cha kwanza nilikipanda vizuri kuliko nilivyotarajia. Jua lilikuwa bado la upole, udongo umeshikana kwa mvua ya jana yake, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi miguu na akili yangu vilitaka kitu kimoja. Tatizo langu lilikuwa Masanze. Wazee walikuwa wametoka mashambani, wamesimama pembeni na majembe yao wakitutazama, na mimi sikulelewa kumpita mtu mzima kimya. "Shikamooni!" nikasema kwa pumzi iliyokatika. "Marahaba, mama, kaza!" Wengine nao wakafuata, na nao nikawaamkia. Nilipofika mwisho wa kijiji pumzi yote nilikuwa nimeimalizia kwenye salamu, na binti wa Ruaha alikuwa ameshapotelea kwenye kona.

Tulipogeuka kurudi, katikati ya mpando mrefu, simu ikaanza kutetemeka kwenye mfuko wa mgongoni. Ikanyamaza. Ikaanza tena. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani na njia ilikuwa ya mawe, kwa hiyo nilikanyaga mpaka juu kileleni ndipo nikaitoa. Jirani. Nikapiga, mtandao umeshapotea. Nikainua simu juu ya kichwa kama kichaa, nikazunguka nayo. Hakuna.

Nilijua baba amekufa. Sikukisia, nilijua, jinsi mtu anavyojua ametonesha kidonda. Hapakuwa na njia ya mkato ya kufika nyumbani; ya karibu kuliko zote ilikuwa hiyohiyo ya mashindano. Nikairudisha simu mfukoni, nikaachia breki.

Mteremko ule nilikuwa nimeushuka mara nyingi kwa hofu. Siku hiyo niliushuka kama mzigo uliodondoka kwenye lori. Mawe yalirukia kwenye mnyororo, macho yalijaa machozi ya upepo na ya yale mengine. Nilimpita binti wa Ruaha bila hata kumwona vizuri, nilimsikia tu, "Dada, utajiua!" Kwenye kona ya chini tairi ya mbele ikateleza, nikajikuta nimelala kwenye mtaro, goti linavuja damu na usukani umepinda.

Yule binti alisimama. Mpaka leo nikimfikiria, hilo ndilo linalonijia kwanza: alikuwa anashinda, na alisimama.

"Umevunjika?"

"Baba yangu," nikasema. "Mgonjwa. Wamenipigia, sipati mtandao."

Aliutazama usukani, akalibana gurudumu la mbele kwa magoti, akauzungusha mpaka ukawa karibu kunyooka. "Panda. Nifuate mimi."

Akatangulia. Tulipoingia mjini alikuwa anapiga kelele kwa sauti ambayo sikudhani anayo: "Pisheni! Pisheni kuna mgonjwa!" Bodaboda walisogea, mama mmoja akavuta beseni lake la nyanya. Tulivuka mstari wa mwisho yeye mbele, mimi nyuma, watu wakashangilia. Yeye akafunga breki. Mimi nikaendelea mpaka nyumbani.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya lango, mguu kwenye beseni la maji ya chumvi, amenuna.

"Alitaka kwenda barabarani kukuona ukipita," jirani akasema. "Nimeingia jikoni mara moja tu, natoka, yuko chini. Nikaogopa, nikakupigia."

Nilikaa chini kwenye vumbi. Nilitaka kumfokea, nikataka kumkumbatia.

"Kwa nini umerudi?" baba akauliza. "Mbio zimekwisha?"

"Zimekwisha, baba."

"Nani amekutangulia?"

Alasiri huyo aliyenitangulia alikuja mwenyewe, ameelekezwa na watu wa sokoni. Aliniletea zawadi yangu ya mshindi wa pili, tairi mpya. Alimwamkia baba, akapewa kiti, na baba akamhoji kuhusu miwa, vilima na gia mpaka chai ikapoa. Sikuwa nimemsikia baba akizungumza kwa kirefu hivyo tangu augue.

"Njoo Ruaha," binti aliniambia akiaga. "Kule kuna njia hujaziona."

"Jumamosi," nikamjibu kabla hajamaliza, na kidonda cha goti kilikuwa bado kibichi.