Ukuta wa Krismasi na Betri za Baba

Wasomaji, naomba mnivumilie. Mwandiko wangu umelala kama nyasi zilizokanyagwa, na najua kuna maneno nimeyakosea. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo sijashika kalamu sana. Haya nimeyaandika polepole, nikiacha kwenda kusonga ugali na kurudi. Mbele ya watu huwa sisemi. Kwenye karatasi nitajaribu.

Kwetu ni Singida, upande wa Ihanja, mbali kidogo na barabara kubwa. Nyumba yetu ni tembe, kuta za miti na udongo, na paa bapa la udongo, tena fupi, mtu mzima akinyoosha mkono anafika ukingoni. Kila mwaka kabla ya Krismasi tunazisiriba kuta upya, na ule wa mbele unapakwa maua. Ukuta wa mbele ni wa mama. Sisi wengine tunapaka za pembeni.

Mwaka ule mama aliumwa bega, kazi akapewa wifi yangu, mke wa kaka. Yeye amezaliwa Singida mjini, mtaa wa Utemini, na kaka alimwoa alipokuwa akifanya kazi huko. Kisha kampuni ya serikali iliyomwajiri kaka ikauzwa, watu wakapunguzwa. Kaka akamleta mkewe kwetu, yeye akaenda machimboni kutafuta. Siku anaondoka alisema, "Krismasi asubuhi nitatuma salamu redioni. Nitasema kama narudi kulima au sirudi. Mnisikilize."

Mama aliyashika maneno hayo. Siku moja tukichambua maharage akamwambia wifi, mimi nikiwa hapo hapo, "Mumeo akisema anarudi, utakaa umsubiri. Akisema harudi, sikukuu ikiisha upande basi uende kwenu. Siwezi kukaa na mke wa mtu ambaye hayupo."

"Ndiyo, mama," wifi akajibu. Aliendelea kuchambua, ila niliona anatupa maharage mazima pamoja na mabovu.

Kwa hiyo ukuta ule kwake haukuwa ukuta tu. Alitaka mama aukute mzuri.

Siku moja kabla ya Krismasi baba na mama walikwenda gulioni, tukabaki wawili. Tulianza na ndani. Tulikata karatasi za mifuko ya saruji, tukazichovya kwenye rangi ya kusukia vikapu, ya zambarau na ya waridi, tukaziunganisha pete kwa pete kwa uji mzito. Tulikata tawi la mgunga tukalisimamisha ndani ya debe la mchanga, na kwenye kila mwiba tukachomeka ganda la yai. Ile karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti za sigara ikawa nyota. Wifi alikuwa anachekacheka.

"Wifi, wewe maneno unayaweka akiba ya nini? Utazikwa nayo?"

Nikacheka.

"Haya, nenda basi bondeni ukaniletee udongo mweupe. Huko hakuna wa kukusemesha."

Nilikwenda na karai. Niliporudi nilisimama uani. Ukuta ulikuwa mwekundu, laini, na juu ya wekundu alikuwa amechora maua makubwa meusi, majani yake yanapandana kama ya vitambaa anavyofuma. Meusi kweli, si ya masizi ya chungu. Sijawahi kuona ukuta wa hivyo kijijini kwetu.

"Nyeusi hii umeitoa wapi?" nikauliza.

"Kwenye betri. Nimezikuta juu ya paa zimetupwa, nikazipasua kwa jiwe. Shuleni kwetu ndivyo tulivyokuwa tunapaka ubao."

Nikatua karai chini.

"Za baba," nikasema.

"Si zimekufa?"

"Zinaanikwa."

Hakuelewa. Mjini betri ikiisha inatupwa, siku hizi maduka yamejaa. Kwetu baba alikuwa akizianika juani, mchana zinapata joto, jioni anaziingiza, na redio ilikuwa haijaguswa wiki kadhaa, ili zipate nguvu ya kusikilizia salamu za kaka. Nilimweleza hayo kwa maneno machache niliyoweza. Wifi akatazama viganja vyake vyeusi. Akavisugua kwenye kanga, havikutoka.

"Duka la hapa je?"

"Halina."

Wingu lilikuwa linapanda upande wa mashariki. Tulikaa tukisikiliza njia. Sikujua niombe nini, mvua iwacheleweshe au isinyeshe ukuta ukabaki.

Baba alifika wa kwanza. Tulimwamkia, akaitikia, akapita moja kwa moja kunyoosha mkono ukingoni mwa paa. Akapapasa. Akasogea, akapapasa tena. Ndipo akageuka akauona ukuta, na chini yake vijiti vyeusi vya ndani ya betri na makopo yake yaliyopasuliwa.

"Nani?"

Wifi akapiga magoti. "Ni mimi, baba. Nilidhani zimetupwa."

Baba hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Basi kesho mwanangu ataongea na ukuta." Akaingia ndani.

Mama alifika na kikapu, akatazama ukuta kwa muda mrefu, akatazama mikono ya mkwewe. Akasema kwa Kinyaturu, ambacho wifi hakukijua vizuri, kwamba huyu amejifungia mzigo mwenyewe. Sikumtafsiria.

Asubuhi ya Krismasi nilipoamka wifi hakuwepo. Mama akasema, "Ameenda zake." Nikaenda kuangalia, begi lake lilikuwepo, nikatoka nje kutazama njia. Nikamwona anakuja, na nyuma yake jirani yetu, redio begani.

Jirani huyo na baba walikuwa hawasalimiani tangu ng'ombe wake walipoingia shambani kwetu. Wifi alilijua hilo, na bado alikwenda kumpigia magoti.

"Nimeletwa na mkweo," jirani akasema akiwa mlangoni. "Redio yangu inakaribishwa, au nayo italipa faini kama ng'ombe?"

"Kaa," baba akasema.

Walikaa uani, kila mmoja ametazama upande wake, redio juu ya kigoda katikati, mama kwenye ngozi, wifi nyuma karibu na ukuta. Salamu zilianza. Watu wa Tabora wakasalimiwa, wa Dodoma, wa Mwanza. Kila sauti ilipoanza kusoma kadi mpya, wifi alishika pindo la kanga yake. Kaka siku zote humtaja mama kwanza. Tulimsubiri mama atajwe.

Jirani akasema, bila kumtazama mtu, "Mahindi yenyewe yalikuwa mabaya, ng'ombe waliwasaidia tu."

"Mtu mvivu ndiye ambaye ng'ombe wake wanakula mahindi ya wenzake," baba akajibu.

Jirani akaizima redio. Tak! "Betri zangu hazisikilizi matusi."

Redio imezimwa, na huko hewani kadi zinasomwa. Mama alimtazama baba kwa jicho ambalo sijaliona tena. Wifi alikuja kwa magoti mpaka kwenye kigoda, akamwambia jirani, "Baba, nakuomba. Niadhibuni mimi, redio iwasheni." Na mimi, sijui nilipata wapi sauti, nikasema, "Washa, baba." Jirani akanishangaa, maana hakuwahi kunisikia nikisema. Akawasha.

Ulikuwa unapigwa wimbo. Baada ya wimbo mtangazaji akatutakia sikukuu njema, kipindi kikaisha.

Baba akasema taratibu, "Hakusema anakuja."

Wifi akasimama. Nilijua anakwenda kufunga begi. Mama akanyoosha ule mkono wenye bega zima akamshika kanga.

"Hakusema haji," mama akasema. "Tumesikia wote, hakusema haji. Keti. Mpe mgeni chai."

Wifi bado yupo kwetu. Kaka bado hajarudi. Mama hajazungumza tena habari ya basi. Mwaka huu amempa wifi ukuta wa mbele, ingawa bega limepona, ila nyeusi ni ya masizi.

Mimi nabaki na ule muda redio ilipokuwa imezimwa. Huenda hakutuma. Huenda alituma, ikasomwa wakati huo. Ndiyo maana nimeandika, mimi nisiyesema. Kama asubuhi ile ulikuwa unasikiliza salamu popote ulipo, ukasikia kijana wa machimboni anamsalimu mama yake wa Singida kwanza, kisha baba, kisha mkewe, niandikie alisema nini. Hata kama alisema harudi. Usijali mwandiko, nami nitausoma polepole.