Mkulima wa Kalengera Yuko Goma

Kwa nini mtu asimame katikati ya shamba alilolilima mwenyewe, jembe mkononi, udongo hadi magotini, aulizwe mkulima wa hapa ni nani, kisha amtaje mtu mwingine?

Nilikuwa nasoma uchumi chuo kikuu Goma, na likizo ile nilikwenda Kalengera kumsaidia mama mdogo kulima. Mvua ya msimu uliopita ilikuwa imeozesha maharagwe yake yote, hata ya mbegu hakubaki nayo. Ndipo redio ikatangaza kwamba serikali italipa wakulima ruzuku ya mbegu na mbolea, moja kwa moja kwenye simu. Mimi huwa siamini redio. Siku ile niliamini, maana bila ruzuku hiyo mama mdogo hangekuwa na cha kupanda.

Kipande alichokuwa akilima alikipata kwa salongo. Kila juma alitoa siku mbili kwenye shamba kubwa la mzee mmoja wa Goma, na mzee akamwachia kona ya kulima chakula chake. Karibu kila mtu pale aliishi hivyo.

Agronome, bwana shamba aliyetumwa kuandikisha wakulima wa ruzuku, alifika kwa pikipiki kutoka Kiwanja. Alizunguka kona yetu akiipima kwa simu, halafu akamsogelea mama mdogo.

"Mama, mukulima wa hapa ni nani?"

"Ni muzee. Eko Goma."

Nilidhani hakusikia vizuri. "Mama mudogo, anauliza mwenye kulima."

"Nimesikia."

"Basi sema ni wewe. Tangu asubuhi nani amelima hapa? Muzee?"

Mama mdogo hakunitazama. Akamwambia agronome, "Umusamehe. Ile université inafundisha kubishana tu. Angalia mistari yake, utasema nyoka amelewa kasiksi."

Jirani yetu wa kona ya pili akacheka mpaka akaegemea jembe. Agronome naye akacheka.

"Mademoiselle, mimi ninaandika yenye mama anasema," akasema. Akaomba namba ya simu ya mzee. Mama mdogo alikuwa nayo kichwani. Aliitaja yote kwa Kifaransa, bila kusita, mama ambaye Kifaransa chake kingine kilikuwa bonjour.

Jioni nilimwuliza sababu. Alinipa bidoni, akasema niende kuchota maji.

Siku moja ya salongo mzee mwenyewe alikuja kwa jeep. Aliwaonyesha wanawake ujumbe wa ruzuku kwenye simu yake, uso umejaa furaha.

"Bamama, serikali imetukumbuka."

"Aksanti, muzee," wakajibu pamoja, na sauti ya mama mdogo ikiwa juu ya zote.

Mzee akanigeukia. "Huyu ni mutoto wa nani?"

"Ni wa dada yangu, muzee. Anasoma."

"Asome muzuri," akasema, akapanda gari.

Mbegu zikaletwa, mbolea ikaletwa. Mama mdogo alizipanda kwa mikono yake, kwenye shamba la mzee. Kwenye kona yake alipanda marando ya viazi vitamu aliyoomba kwa watu. Nilirudi Goma nikiwa nimemkasirikia yeye kuliko mzee. Nilimwona mwoga.

Miaka ilipita. Vita vilipowafukuza watu wa Kalengera, nilikutana Birere, hapa Goma, na yule jirani aliyecheka, akiuza sombe, majani ya muhogo. Nikamwuliza lile swali, maana mama mdogo hakuwahi kulijibu. Alifunga fungu la sombe kwanza, halafu akaniambia kwamba kona ile, kabla yetu, ilikuwa ya mjane mmoja. Mradi wa mbegu ulipopita na kuuliza mkulima ni nani, mjane alisema, "Ni mimi." Mzee hakugombana naye. Siku ya salongo iliyofuata alimwambia tu kwamba kona imepata mtu mwingine.

Maharagwe ya mjane yalikuwa yamekwisha kutoa maua. Aliyeyavuna ni mama yangu mdogo.