Jina Nililoliruka

Katika shule yetu ya Kisangani, siku ya mwisho wa mwaka wanafunzi walipangwa uwanjani, wazazi wakasimama nyuma yao, na baada ya nyimbo za chama tawala kila mwalimu alisoma majina ya waliofaulu, kuanzia wa kwanza. Siku hiyo tuliiita proklamasio. Ambaye jina lake halikusomwa alielewa mwenyewe kwamba atarudia darasa.

Mwaka ule nilifundisha darasa la sita, la mwisho la msingi, na mwanangu alikuwa mwanafunzi wangu. Alikuwa wa tano. Hesabu za sehemu alizishika upesi, kisha akawaeleza wenzake kwa kuwakatia kwanga, ule mkate wa muhogo: nusu, robo, thumuni.

Mdogo wangu, aliyefundisha timu ya mpira ya shule, alinijia wiki moja kabla.

"Yaya," aliniita, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "kila mwaka mapadri wa koleji wanachagua wachezaji katika la sita kwa sekondari yao. Wanalala kule, wanasoma bure. Mutoto wako anajua mpira, lakini iko mwembamba. Mwache adubler, arudie la sita. Mwaka moja tu, atawapita wote urefu."

"Na yeye tutamwambia nini?"

"Bon, tusimwambie. Akisema uwanjani, shule zingine zitalalamika."

Mshahara wa mwalimu wakati ule haukuwa wa kutegemea, na ada ya sekondari ilinitisha. Nikapunguza maksi zake kwenye ripoti.

Siku ya proklamasio nilisoma wa nne. Mwanangu alikwisha kutanguliza mguu mmoja mbele. Nikasoma jina la mtoto mwingine. Aliurudisha mguu polepole.

"Mutoto wa mwalimu amedubla," mwanafunzi mmoja alisema nyuma yake. "Alors, papa yake anafundishaka nani?" Wakacheka.

Nyumbani aliniuliza, "Papa, nilikosea wapi?"

Mimi niliyezoea kumweleza mtoto wa mtu jambo moja mara nne bila kuchoka, nilimjibu, "Utaelewa mwakani."

Ewe mzazi, mtoto anaweza kuubeba mwaka wa kurudia darasa, tena vizuri, akiambiwa sababu. Wangu nilimnyima sababu, akajitafutia yake.

Mwaka uliofuata alirefuka kweli, akafunga mabao, mapadri wakamchukua. Mdogo wangu alicheza ngoma uani kwetu. Lakini darasani mwangu mwaka ule mzima hakunyoosha kidole hata mara moja. Nikimuuliza jambo ninalojua analijua, alitazama meza. Kolejini nako maksi zilizidi kushuka, na likizo moja nikamsikia akimwambia mama yake, bila uchungu, "Mimi ni wa miguu, mama. Kichwa sina."

Basi Jumapili iliyofuata nilimkalisha nikamweleza yote, tangu maneno ya tonton yake, yule mdogo wangu. Nikamfungulia daftari langu la maksi za mwaka ule, nikamwonyesha jina lake, wa tano. Alilisoma kwa makini, ukurasa hadi ukurasa.

"Asante, papa," alisema. "Lakini huu ni mwandiko wako. Na ile ripoti pia ilikuwa mwandiko wako. Usijali, nimezoea."

Nilimwomba tukae tufanye hesabu mbili tatu, ajionee mwenyewe. Akasema tonton anamsubiri mazoezini, akatoka.