Nafasi ya Alban kwenye mikoko

Jua limepanda kidogo juu ya kilima cha Anse Mapou, na Ismay Cudjoe amepiga magoti ndani ya boti yake, anachota maji ya mvua ya jana kwa kopo la maziwa. Kila akimwaga anatazama upande wa mashariki, kisha anainama tena.

Gatini kila mtu amebeba kitu. Huyu ana dumu la petroli, yule ana kamba mpya ambazo bado zinanuka duka, mwingine ameilaza mashine ya boti begani kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Redio imesema dhoruba imejikusanya mbali baharini na inakuja huku. Bado ni Mei, na msimu wa dhoruba huanza Juni. Hakuna mtu aliyekuwa tayari.

"Mama Alban!" anaita Philo, anayeuza maandazi na samaki wa kukaanga pale gatini. "Hiyo boti unaiogesha au unaibatiza?"

"Naiogesha. Ubatizo tunakuachia wewe, maana tangu Pasaka hatujakuona kanisani."

Watu wanacheka. Philo mwenyewe anacheka mpaka anashika kiuno.

"Haya, na ukishaiogesha unaipeleka wapi?"

"Mikokoni."

Kicheko kinakatika. Philo anamimina chai ya kakao kwenye kikombe, anaiweka ukingoni mwa gati karibu na mkono wa Ismay, na kurudi kwenye kikaango chake. Amefanya hivyo kila asubuhi tangu msimu uliopita, na hajawahi kutaja bei.

Ismay ana umri wa miaka sitini na mmoja. Kazi yake ni kuvusha watu na mizigo kati ya kijiji hiki na kisiwa kidogo kilicho mbele yake, huku kusini mwa Karibi. Anavusha walimu, wagonjwa, mifuko ya saruji, mbuzi wa harusi. Nauli ni dola kumi kwa kichwa. Bahari ikichafuka haendi, na asipokwenda hakuna kitu.

Boti yake inaitwa Glorina, jina la mama yake. Mumewe aliiunda kwa mikono yake pale ufukweni, na siku ya kuishusha majini ikamwagiwa ramu kama ilivyo desturi. Mume alipofariki kwa ugonjwa wa sukari, usukani ukashikwa na mtoto wao wa pekee, Alban.

"Mimi nilikuwa nimeshapumzika," anasema Ismay. "Nilikuwa napika tu. Alban akirudi anakuta ugali wa mahindi na bamia, anakula, anaimba vibaya. Alikuwa anaimba vibaya sana, yule mtoto."

Nyuma ya kijiji kuna ghuba yenye mikoko pande zote, na huko ndiko boti zinakojificha dhoruba ikija. Zinapangwa ubavu kwa ubavu, omo, yaani pua za boti, zikitazama lango la ghuba. Kila boti inafungwa kwenye mizizi ya mikoko, na tena inafungwa kwa jirani yake, ili zote zishikane. Kila familia ina nafasi yake, ya tangu babu. Mtu hafungi boti kwenye nafasi ya mwenzake, hata kama wamegombana, hata kama mwenzake yuko ng'ambo.

Msimu uliopita dhoruba ilikuja ghafla. Watu walifunga kamba haraka, wakazifunga fupi, kama za upepo wa kawaida. Maji yalipopanda, boti zikashindwa kupanda nayo. Omo zikaanza kuvutwa chini.

Alban akatoka nyumbani akarudi mikokoni. Alilegeza kamba za jirani yake wa kulia, Mzee Cosmus Bethel. Akalegeza za boti mbili nyingine. Glorina aliiacha ya mwisho. Alipokuwa anaishughulikia, boti moja ikayumba ikambana.

Glorina ilitoka na mkwaruzo tu.

"Boti ilirudi," anasema Ismay, akipitisha kiganja juu ya mbao. "Nilikuwa naitazama nasema, wewe umerudi kufanya nini?"

Baada ya mazishi alishika usukani mwenyewe, kwa sababu binti wa Alban bado yuko sekondari na lazima ale. Lakini mikokoni hakukanyaga tena. Dhoruba hii ilipotangazwa alisema ataiacha Glorina mbele ya gati na nanga mbili, Mungu atajua. Kila mtu hapa anajua boti iliyoachwa nje huokotwa vipande vipande. Hakuna aliyembishia.

Walichofanya ni kukubaliana, bila kumshirikisha, kwamba nafasi ya Alban ibaki wazi. Huku kwetu jiwe la kaburi haliwekwi siku ya maziko. Linawekwa baadaye, familia ikiwa tayari, kwa karamu kubwa, na kabla ya hapo marehemu anahesabiwa kuwa bado hajatulia. Jiwe la Alban halijawekwa. Nani angethubutu kufunga boti yake pale?

Ismay aligundua jambo hilo jana alasiri, alipokwenda kwa Mzee Cosmus kurudisha sufuria. Alimkuta mzee ananing'iniza tairi kuukuu kwenye boti yake, za kuikinga isigongwe. Zote alikuwa ameziweka upande wa kushoto.

"Kaka Cosmus, mbona boti yako imevaa shanga upande mmoja?"

"Ndio mtindo wa mwaka huu."

"Mtindo gani huo? Ungekuwa fundi cherehani ungetuvalisha mguu mmoja wa suruali."

"Kulia kuna boti ya Bertille," alisema mzee. "Kushoto..." Akavuta fundo. "Kushoto kuna upepo."

Kushoto ilikuwa nafasi ya Alban.

Ismay alisimama na sufuria mkononi. Amekulia kwenye boti, hakuhitaji kuelezwa. Boti zinazoshikana husimama. Penye pengo, ya huku na ya kule zinakosa wa kuzishika, zinayumba mpaka zinapigana, na zikianza kupigana safu nzima inakatika. Cosmus alilijua hilo. Wenye boti wote walilijua.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tukuambie nini, dada?" Mzee hakugeuka. "Mwanao alilegeza kamba zangu kabla ya zake. Halafu mimi nije mlangoni kwako niseme, Ismay, jaza nafasi ya mtoto, boti yangu itaumia? Bora ivunjike."

"Ndiyo inayokulisha."

"Nitakula shelisheli. Mti ninao."

Ismay alikaa juu ya tairi iliyobaki akalia. Mzee Cosmus aliendelea kufunga, akimpa mgongo, na fundo ambalo angelimaliza mara moja akalifunga na kulifungua, akalifunga na kulifungua, mpaka Ismay alipomaliza kulia.

Kisha Ismay akapangusa uso kwa khanga na kumwambia, "Hamisha hizo tairi nusu upande wa pili. Kesho una jirani."

Na leo ndiyo kesho yenyewe. Chai ya kakao imekwisha, boti ni kavu. Mzee Cosmus anatangulia, Glorina inafuata polepole. Mlangoni mwa ghuba Ismay anazima mashine na kushika kasia. Maji humu ni meusi na yametulia. Waliokwishafika wanamwona, na mmoja baada ya mwingine wanaacha walichokuwa wakifanya. Bertille, mvuvi wa kamba-koche mwenye sauti ya tarumbeta, anavua kofia.

Kwenye nafasi ya Alban, kipande cha kamba ya buluu bado kimeng'ang'ania mzizi. Ismay anakitazama. Hakifungui. Anatoa chupa ndogo ya ramu mfukoni na kumwaga kidogo majini.

"Sogea kidogo, mwanangu," anasema. "Mama anaingia."

Cosmus anajikuna shingo, anatazama miti.

Kisha Ismay anarusha kamba ya kwanza, na kazi inaanza. Anafunga kwenye mizizi ya nyuma, anafunga kwenye ya mbele, anamrushia Cosmus, anawarushia wa upande wa pili. Kila kamba anaiachia urefu, halafu anaiongeza tena. Akimaliza zake anapita kwenye za wenzake, akivuta kwa kidole.

"Hii fupi. Legeza."

"Mama Alban, tukilegeza zaidi ya hapo boti itafika Venezuela," anasema Bertille.

"Ikifika itatuma salamu. Legeza!"

Bertille analegeza. Wote wanalegeza. Hata wale waliokwisha kufunga tangu jana wanarudi kwenye mafundo yao bila kuambiwa mara ya pili.

Wakati wa kutoka, wenye boti wanatembea kwa miguu juu ya njia ya mbao iliyodidimia, matope hadi vifundoni. Mzee Cosmus ndiye wa mwisho. Anageuka kutazama safu.

"Usiku wa dhoruba nitakuja kuchungulia mara moja tu," anasema. "Mara moja."

Ismay anasimama.

"Hutachungulia."

"Dada, boti yangu..."

"Sikiliza, kaka. Nyote sikilizeni. Boti ni mbao. Dhoruba ikifika, kila mwenye boti kwenye safu hii atalala kwangu. Nina ugali, nina samaki wa chumvi, magodoro nimeazima kwa Philo. Mtakoroma, mtacheza karata, mtanisengenya nikiwasikia. Kiti changu nitakiweka mlangoni, nami nitakaa juu yake mpaka kupambazuke. Anayetaka kutoka aniruke mimi kwanza."

Mzee Cosmus anamshika Ismay mkono kumvusha penye ubao uliovunjika.

"Nije na mto wangu?" anauliza.

"Njoo nao," anasema Ismay.