Nilivyoinuka Kwenye Kiti Mwendo Mbele ya Mgeni Rasmi

Aibu yangu ilianza Alhamisi, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, nje ya maabara ya shule yetu hapa Bariadi, na ilianza kwa neno moja tu, "ndiyo". Naandika haya masikio yakiwa bado ya moto, na mtu akinisimamisha sokoni akaniuliza "wewe siyo yule wa chatu?" nitasema siyo mimi, ila ninyi siwafichi, ni mimi.

Naitwa Minza, nipo kidato cha tatu, na kama mnasoma shule yangu na hamnijui basi kosa siyo lenu. Nakaa nyuma kabisa karibu na ukuta, mwalimu akiuliza swali nainama kutafuta kalamu ambayo haijaanguka. Halafu sijui kusema hapana. Mtu mkubwa akiniuliza kitu najibu ndiyo kwanza, swali lenyewe nalielewa baadaye nikiwa njiani kurudi nyumbani.

Rafiki yangu Kabula ni kinyume changu. Kwao ni Mkula, hapa mjini anaishi kwa shangazi yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na anatumia kiti mwendo tangu akiwa mdogo, kwa hiyo asubuhi tunaenda wote, yeye anazungusha magurudumu yake na mimi nabeba mabegi mawili. Kabula anataka kusoma sayansi, na anaitaka kwa namna ambayo mimi sijawahi kutaka kitu chochote. Shida ni maabara. Ina kibaraza cha juu chenye ngazi tatu, na tangu kidato cha kwanza alikuwa anapandishwa na wavulana, mmoja anashika huku, mwingine kule, sketi inapanda, wa tatu analalamika uzito, mpaka mwaka huu akasema imetosha. "Mimi siyo robota la pamba," alimwambia Madam wa taaluma mbele ya darasa zima, "sibebwi tena." Madam naye akamjibu kwamba asiyeingia maabara hawezi kufanya mtihani wa vitendo, kwa hiyo kama hawezi kuingia mwenyewe, Jumatatu inayofuata sherehe ya mteremko atahamia kwa wenzake wa sanaa.

Mteremko wenyewe ni ule wa zege waliojenga pembeni mwa ngazi, ili kiti kipande. Tuliufurahia sana mpaka jioni moja Kabula alipokwenda kuujaribu akarudi bila kufika juu. Ulikuwa mfupi na umesimama kama bati la paa. Ukitaka ulale inabidi uwe mrefu, na ukiwa mrefu unapita kwenye bustani ya bendera, ile yenye mawe ya chokaa na maua ya Mkuu wa Shule (kwao ni Njombe, ni mtu mzuri tu, ila maua yale anayasalimia kabla ya walimu), na Mkuu alimwambia fundi bustani isiguswe. Fundi akaangalia maua, akaangalia ngazi, akajenga alichoweza.

Sasa Alhamisi hiyo alikuwa anakuja mgeni rasmi, mama mmoja mkubwa kutoka mkoani, kukata utepe. Mkuu alishamwambia Kabula apande mbele ya mgeni, na Kabula alishamjibu, kwa heshima zote, "Mwalimu, mimi sipandi." Mkuu akasema mtoto huyu ni mkaidi. Mimi nikadhani ni aibu (kwa sababu mimi, mara zile chache ninazokataa kitu, huwa ni aibu), nikamwonea huruma kimoyomoyo na wala sikumuuliza.

Basi nafagia kibaraza cha maabara, saa ndiyo hiyo niliyowatajia, Madam wa taaluma anatokea stoo anasukuma kiti mwendo kipya, kikubwa, cha wafadhili, bado kina nailoni kwenye mikono.

"Minza, weka fagio, njoo ukae hapa mara moja."

"Mimi, Madam?"

"Kuna Minza mwingine? Tunapima tu kama kinapita. Si utaweza?"

"Ndiyo, Madam."

Mimi nilijua kupima ni kupima. Nikakaa, sketi ikapanda magotini, Madam akavua kitenge chake cha mabegani akanifunika miguu vizuri kabisa, na kabla sijasukuma hata mara moja magari yakaingia getini, ngoma zikalia, Madam akaniinamia sikioni: "Usiinuke sasa hivi, tutaonekana vibaya. Wewe panda, ukifika juu yameisha."

Ngoma walikuwa wamealikwa bayeye, wale wanaocheza na chatu, maana huku kwetu mgeni mkubwa hapokewi na kwaya peke yake. Chatu alikuwa kwenye sanduku lake la mbao kando ya ngoma, chini kidogo ya maabara, amelala, anasubiri zamu yake kama msanii mwingine yeyote.

Mgeni akashuka garini akaja moja kwa moja kwangu. Nikamtazama Mkuu nikitegemea atasema kitu. Mkuu alikuwa anatazama maua. Yule mama akanishika mikono yote miwili.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Unaitwa nani?"

"Minza."

"Pole sana, Minza. Uko hivi tangu kuzaliwa?"

Jamani, nilijua kabisa nimeulizwa nini. Safari hii sikuwa hata na kisingizio hicho. Lakini alikuwa mama mkubwa, mikono yake ina joto, watu wote wa mjini wapo chini ya turubai wananitazama mimi ambaye hata kusoma tangazo mstarini sijawahi, na mdomo ukafanya kile unachofanyaga siku zote.

"Ndiyo."

Akafuta machozi kwa leso. Mshereheshaji akayaona yale machozi, akashika maiki: "Mabibi na mabwana, mwanafunzi wetu mwenye ulemavu, Minza, sasa atapanda mwenyewe kuingia maabara." Makofi. Nikamtafuta Kabula kwa macho. Alikuwa na darasa letu kwenye kivuli cha ukuta, kwenye kiti chake, ananiangalia kama mtu anayemwangalia mbuzi akila shati lake kwenye kamba.

Nikasukuma. Mwanzo kiti kilikubali, mshereheshaji anasema anapanda, anapanda, kufika katikati kikawa kizito, nikasukuma tena, kiti kikasimama, nikasukuma kwa nguvu zangu zote na meno, na kiti kikatulia kidogo kama kinafikiria, halafu kikaanza kurudi. Breki ilikuwepo (Kabula alinionyesha baadaye), ila kati ya vyuma vyote vile mimi sikujua ni kipi. Nikashuka kinyumenyume, nikavuka uwanja, mwendo unaongezeka, mshereheshaji bado yuko kwenye anapanda, mpaka mgongo wa kiti ulipopiga kitu cha mbao, na nikasikia mfuniko ukianguka.

Alitoka polepole. Kichwa kwanza, kikapita karibu na kiwiko changu, kikatazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa na wageni.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu kwamba niliinuka, nikaruka ngoma moja, nikaacha kitenge cha Madam, kiatu kimoja na ulemavu wangu wa kuzaliwa, nikakimbia katikati ya turubai mbele ya mgeni rasmi, nikapanda zile ngazi tatu kwa mruko mmoja, nikaingia maabara na kufunga mlango.

Nje ikaja sauti ya bibi mmoja, taratibu, imejaa imani: "Yesu wangu. Anatembea." Wengine wakaitikia haleluya, na baada ya haleluya kikaja kicheko, kile cha watu wengi ambacho kikiisha upande huu kinaanza upande ule. Nilichungulia dirishani nikamwona mzee wa bayeye akimpandisha chatu begani bila haraka. "Mmemwamsha bure," aliwaambia waliokimbia. "Huyu hana ugomvi na mtu."

"Mkuu," mgeni rasmi akauliza, na leso alishaiweka, "huyu mtoto anatembea au hatembei?"

Mkuu akachukua maiki. Akasema mgeni asamehe, huyu alikuwa anaonyesha tu kwa niaba ya mwenzake, kilichotokea ni woga wa nyoka wa msichana mmoja, mteremko wenyewe hauna tatizo lolote. Watu wakacheka tena, mgeni naye akacheka kidogo, utepe ukakatwa, makofi yakapigwa. Nikiwa dirishani nikamwona Kabula anageuza kiti chake anaondoka peke yake, begi lake kalipakata.

Jioni nikaenda kwao. Shangazi yake alikuwa mlangoni, akanisalimia, "Mwadila, Minza. Nasikia miguu imepona." Nikacheka kwa heshima nikapita. Kabula alikuwa uani na ungo wa dengu, anachambua, hakuinua kichwa.

"Kabula, pole."

"Pole ya nini? Aliyekimbia nyoka ni wewe."

"Madam alisema tunapima tu. Nilijua unaona aibu kupanda."

Hapo akaacha dengu. "Aibu? Minza, wewe umeniona mimi na aibu wapi? Nilikataa makusudi. Nilitaka mgeni aone mteremko upo, mlemavu yupo, na hapandi, aulize kwa nini. Angeuliza tu. Nilishaandaa cha kumjibu, nimekisema kwenye kioo wiki nzima."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Ukaenda ukakaa, na walipokuuliza wewe ni nani ukasema wewe ni mimi." Akarudi kwenye ungo. "Sasa utepe umekatwa. Jumatatu naenda sanaa, na kila mtu anajua tatizo lilikuwa nyoka."

Nikakaa chini nikachambua dengu naye. Tulichambua muda mrefu. Mwishowe nikamuuliza, na hii ndiyo mara ya kwanza kumuuliza kitu siku hiyo, "Kesho mstarini nikiongea, utakasirika?"

"Ongea ya kwako," akasema. "Ya kwangu nitaongea mwenyewe."

Nikatembea mpaka nyumbani nikiapa, na niliapa kwa sauti mpaka mama akauliza naongea na nani, kwamba sitakaa tena mahali pa mtu ambaye yupo na ana mdomo wake, hata aniambie nani, hata kwa kupima tu.

Ijumaa asubuhi nikawahi shule kuliko wote. Kile kiti kikubwa walikisahau nje usiku kucha, kimelowa umande, nikakifuta kwa sweta langu nikasimama nacho mstarini, wavulana wanapita wananiita Muujiza, "Muujiza, hujambo, Muujiza, leo unapona nini?" Mkuu alipotoka ofisini, kwa suti yake ya Ijumaa, hakuchelewesha.

"Minza, pita mbele. Waeleze wenzako kwa nini uliiaibisha shule."

Nikapita, na kiti nikakisukuma mbele yangu. Sauti ilitoka ndogo, wa nyuma wakapiga kelele hatusikii, nikaanza upya.

"Nilimdanganya mgeni. Mimi siyo mlemavu, na niliulizwa nikasema ndiyo. Hilo ni kosa langu na adhabu yake naipokea." Nikamgeukia Mkuu. "Lakini Mwalimu, nyoka nilimkuta chini. Kilichonirudisha chini ni mteremko."

"Mteremko hauna tatizo, nimeshasema."

"Basi tunaomba upande wewe, Mwalimu. Bila kusukumwa."

Madam wa taaluma akaanza kusema "Minza, rudi kwenye mstari," na mimi, sijui nilitoa wapi, nikasema, "Hapana, Madam."

Mkuu alinitazama, akawatazama wanafunzi ambao sasa walikuwa wanamtazama yeye, akafungua vifungo vya koti, akalikunja, akampa kiranja, akakaa. Tukaenda mpaka chini ya mteremko. Akashika magurudumu akaanza, na alianza vizuri, ni mtu mwenye mikono, akafika palepale katikati nilipofika mimi. Hapo kiti kikasimama. Akasukuma. Shingo ikavimba juu ya kola. Kiti kikatulia kidogo kama kinafikiria.

"Nishikeni," akasema, siyo kwa sauti ya mstarini.

Nikawahi mimi, nikashika vishikio kwa nyuma nikakaza miguu. Nyuma yangu nikasikia magurudumu ya Kabula yakitoka kwenye mstari, yakija juu ya kokoto, na sauti yake, "Mwalimu, sasa naomba na mimi niongee." Nikamshikilia Mkuu hapohapo katikati, sikumsukuma juu na sikumwachia ashuke, mpaka Kabula alipomaliza.