Mzee Aliyeanzia Mbali

Mzee niliyeishi kwake Kensington, hapa Johannesburg, hakusema uongo hata mara moja katika miaka yote niliyomjua, na hilo lilinitia hofu kuliko majambazi na kuliko polisi. Watu husema msema kweli mpenzi wa Mungu. Mimi nilikuwa mwanamke wa Tanga ambaye karatasi zake zimekwisha muda, nimejibanza uani kwa mtu ambaye akiulizwa atanitaja. Mpenzi wa Mungu wa namna hiyo nilimwogopa.

Tulikutana Fordsburg, mtaa wa maduka, mwanzoni mwa mwaka 2015. Nilikuwa nikishona baibui na sare za shule kwa maduka ya pale, na siku hiyo nilisimama mbele ya duka moja nikimwapia mteja, mama wa Zanzibar, kwamba kitambaa changu hakichuji. Nyuma yetu sauti ya mwanamume ikasema kwa Kiswahili cha redio ya zamani, "Samahani, tafadhali. Kinachuja. Nilikinunua mimi mwenyewe, nikashonea mapazia."

Tukageuka. Mzungu mzee, mrefu, koti limeliwa na nondo kwenye kola, kashika mfuko wa bizari. Yule mama akanirudishia kitambaa changu akaenda zake. Nilitamani kumng'ata yule mzee. Nikamwuliza Kiswahili kakipata wapi, nikitarajia jibu la neno moja. Akaanza kunieleza habari za mji aliozaliwa huko Poland, mji wa viwanda vya nguo, na moshi wake, na bibi yake aliyekuwa kiziwi kwa kelele za mitambo. Mpaka hadithi yake inafika Dar es Salaam miguu ilikuwa inaniuma.

Ndivyo alivyokuwa. Ukimwuliza kama amemeza dawa zake, ataanza na aliyegundua dawa hizo. Nilimkata kauli sana. Nilikuwa nasema, "Mzee, umemeza au hujameza?" naye ananitazama kwa huruma, kama mimi ndiye nisiyejua kujibu maswali.

Maisha yake niliyapata kidogo kidogo, jikoni, nikimenya viazi. Kwao alikuwa mwalimu wa historia chuo kikuu. Aliandika habari za wafumaji wa mji wake, waliogoma zamani wakapigwa risasi. Serikali ya siku zake ilijiita serikali ya wafanyakazi, na habari za wafanyakazi waliokufa iliipenda sana. Shida ni kwamba mzee na wanafunzi wake walichapa makaratasi yaliyosema kwamba wafumaji walio hai nao wana njaa. Akafungwa. Baadaye wakampa karatasi ya kutoka nchini isiyo na kurudi. Dar es Salaam ikampokea, akafundisha pale miaka mingi, na huko akafanya urafiki na watu wa Afrika Kusini waliokuwa wakingoja uhuru wao. Uhuru ulipofika aliwafuata Johannesburg. Rafiki zake wakafa mmoja mmoja, naye akabaki na nyumba ya vitabu na geti linalolia.

Kazi yake ilikuwa kitabu. Kila asubuhi alikaa mezani akiandika historia ya ule mgomo wa wafumaji, kazi aliyoianza kabla mimi sijaolewa, na mimi nimeshaolewa nikaachika. Siku moja nilimwuliza amefika wapi.

"Kondoo," akasema.

"Kondoo gani tena, Mzee?"

"Huwezi kuelewa mgomo bila nguo, wala nguo bila sufu, wala sufu bila kondoo."

Wafumaji wake walikuwa bado hawajazaliwa. Nilicheka mpaka nikaweka kisu chini.

Mimi nilimpikia mchana na kumfulia, naye alinipa chumba cha uani. Nilitoka Hillbrow, kwenye fleti niliyokuwa nikichangia na wasusi wa Kikongo, ambako lifti ilikufa na milango ilivunjwa kwa zamu. Kensington ilikuwa kimya. Nilidhani nimepona.

Haikupita miezi mingi, habari zikaanza. Maduka ya wageni yanavunjwa, watu wanafukuzwa vyumbani, simu zetu zinalia siku nzima kwa picha ambazo hutaki kuzitazama na unazitazama. Nikaenda kwa mzee na maji ya viazi bado mikononi.

"Mzee, wakija hapa wakiuliza kama kuna mgeni, utasemaje?"

Akavua miwani. Hilo lilinitisha, maana alivua miwani kwa mambo mazito tu.

"Sitasema uongo, Fundi."

"Basi utanyamaza."

"Kunyamaza pia ni jibu. Mtu akinyamaza getini, wataingia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui."

Nilikasirika mpaka macho yakaniuma. Nikamwambia hata katika vitabu vyetu vya dini mtu anaruhusiwa kuficha neno kuokoa roho. Nikamwambia, wewe humwamini hata Mungu, sasa hiyo kweli unamsemea nani? Akanieleza, na mara hiyo hakuanzia mbali. Alisema mwalimu wake alifutwa kwenye vitabu vya nchi yao, jina na picha, akiwa bado hai, anakunywa chai nyumbani kwake. Waliomfuta walikuwa watu wema, wenye watoto, na kila mmoja alisema uongo mdogo tu kwa sababu nzuri. "Mimi niliapa," akasema. "Nikivunja mara moja, maisha yangu yote yatakuwa porojo."

"Na mimi nitakuwa maiti," nikamjibu.

Siku kadhaa nilipika, nikaweka sahani, nikaondoka. Nilifikiri kuhama, lakini ni wapi wakati ule palikuwa na usalama? Nikabaki, roho mkononi.

Siku moja alinieleza walivyomhoji gerezani. Walitaka kujua nani aliyechapa yale makaratasi. Hakudanganya, hakunyamaza. Alianza na habari za karatasi yenyewe, ilivyovumbuliwa China, ikapita kwa Waarabu, ikafika Ulaya. Alipofika kwenye mtambo wa kwanza wa kuchapa, yule mkuu wa mahojiano alikuwa anapiga miayo. Mzee alicheka akinisimulia, nami nikacheka. Kisha nikamwuliza, "Wakachoka, wakakuacha?"

"Siku ya kwanza walichoka," akasema. "Siku ya pili walinivunja meno."

Alikuwa na meno ya bandia. Nilikuwa nikiyaona kwenye glasi kila asubuhi na sikuwahi kujiuliza.

Kuna mtu wa mita ya maji aliyewahi kuja, kijana mpole tu na shati lake safi. Akauliza nyumba ina watu wangapi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nikamsikia mzee akisema bila kusita, "Wawili." Nikakaa sakafuni, kando ya ndoo ya kudekia. Yule kijana hakuuliza zaidi, akaandika, akasema sharp, yaani sawa, akaenda. Mzee akaja kunikuta nimekumbatia ndoo. Akasema, "Ameuliza, Fundi." Nilijua sasa kwamba siku ikifika itakuwa hivyohivyo, kwa sauti ileile ya adabu.

Ikafika mwaka 2019. Ilikuwa mchana, jua kali la mwisho wa baridi. Tangu asubuhi ujumbe ulikuwa unaingia kwenye simu kutoka kwa wenzetu wa Fordsburg na kwingine: fungeni, msitoke, wanapita barabara ya chini. Harufu ya matairi ilifika kabla ya sauti. Kisha sauti ikafika, nyimbo, na vishindo vya watu wengi wanaotembea pamoja. Nilikuwa nashona. Nikaacha sindano ndani ya kitambaa, nikakimbilia nyumba kubwa, chumba cha vitabu, nikajibana nyuma ya rafu ya mwisho, kati ya maboksi. Dirisha la chumba kile linatazama geti. Niliweza kusikia kila kitu, na ningetoa chochote nisisikie.

Geti likatikiswa, likalia kilio chake.

"Mkhulu!" mtu akaita. Ndivyo wanavyomwita babu kwa Kizulu, na aliita kwa heshima, heshima ambayo ilinitetemesha zaidi.

Nikasikia ndara za mzee zikiburuta varandani, na fimbo yake. Nikaziba mdomo kwa mkono. Nilimwomba Mungu ambaye mzee hakumwamini amfunge ulimi, kisha nikakumbuka kwamba kunyamaza pia ni jibu. Sikujua tena niombe nini.

"Mkhulu, kuna makwerekwere humu? Kuna wageni?"

"Ndiyo, yupo," mzee akasema. "Mimi."

Kikatoka kicheko. Walicheka wengi, wakacheka vizuri kabisa, kama watu walio harusini.

"Eish, mkhulu, si wewe. Tunawataka wale wa kutoka huko juu, wanaochukua kazi zetu. Kuna mwingine?"

Swali lilikuwa limeulizwa sawasawa, halina pa kupenya.

Mzee akakohoa. "Kujibu hilo," akasema kwa Kiingereza chake cha kukwaruza, "lazima nianze na kondoo."

"Unasemaje?"

"Kondoo."

Na akaanza. Nikiwa nyuma ya vitabu, jasho linanitiririka mgongoni, nilisikia jinsi mabwana wa Poland walivyotaka mashamba yawe malisho ya kondoo, wakawafukuza wakulima. Wakulima wakaenda mjini kufuma. Watu wa mjini wakasema, hawa wageni wametuchukulia kazi, wakachoma vibanda vyao. Mmoja pale getini akacheka, mwingine akamwambia anyamaze asikie. Mzee akaendelea, viwanda, njaa, mgomo, risasi. Mgomo ule ambao kitabuni hakuwahi kuufikia, pale getini aliufikia.

Mwanzoni nilifurahi. Kisha nikaelewa. Hadithi ile niliijua, na haikusimama kwenye mgomo. Baada ya mgomo inakuja chuo kikuu, halafu gereza, halafu Dar es Salaam, halafu nyumba hii, halafu Fordsburg, na Fordsburg ndiko niliko mimi na kitambaa changu kinachochuja. Kila mwaka aliousimulia ulimsogeza kwangu. Nikamsikia ametoka gerezani. Nikamsikia ametua Dar es Salaam, akisifu embe. Kaa hapo Mzee, niliomba, kaa Dar es Salaam, sifu embe, sifu na mafenesi. Hakukaa. Akawazika rafiki zake wa hapa Johannesburg mmoja baada ya mwingine, upesi mno, kwa kuwa walikuwa wengi na kila mmoja alimuuma.

Kutoka barabara ya chini mtu akapiga mluzi, na bati la duka likasikika linang'olewa. Wakapiga kelele, wakakimbilia huko. Vishindo vyao vilishuka, vikapungua. Nikaachia mdomo wangu, nikavuta pumzi.

Lakini sauti ya mzee haikukoma. Alikuwa bado anaongea, polepole, kama anayeongea na mtu mmoja. Nikainua kichwa kidogo. Mwanamume mmoja wa makamo alikuwa amebaki, kashika vyuma vya geti kwa mikono miwili, anasikiliza. Alikuwa ameuliza swali, na alikuwa anangoja jibu lake.

"Na Fordsburg," mzee akasema, "nilimkuta mwanamke wa Tanga, fundi wa nguo, anauza kitambaa. Nikampa chumba. Yumo ndani."

Nilijikojolea, huo ndio ukweli, na kwa kuwa nilikaa na yule mzee miaka yote ile nimeona nami niuseme.

Yule mtu alimtazama mzee, akatazama nyumba, akatazama dirisha nililokuwa nyuma yake. Akasema, "Sharp, mkhulu." Akaachia geti, akashuka barabarani kwa mwendo wa kawaida, kuelekea waliko wenzake.

Mzee akarudi ndani. Alikuja mpaka chumba cha vitabu, akasimama mlangoni, ameegemea fimbo. Alikuwa amelowa kama mimi. Nilikuwa na matusi tayari, ya Kitanga, ya nguoni kabisa.

"Niliogopa," akasema. Kisha akasema, "Nilianzia mbali kadiri nilivyoweza, Fundi."

Matusi yangu yakaniishia mdomoni. Tukakaa sakafuni, kati ya maboksi, tukimngoja yule mtu arudi na wenzake. Kila mbwa aliyebweka tulishikana mikono. Jua likazama, hakurudi, na mpaka leo sijui kama alitusamehe, au alitusahau, au alipata kitu kingine cha kufanya.

Wiki ileile nilihamia Fordsburg, chumba kilicho juu ya duka la bizari, pamoja na wanawake wa kwetu. Mzee hakunizuia. Alinibebea mkoba mpaka getini. Sikuweza kuishi tena kwenye nyumba ile, na nilimpenda, na yote mawili yalikuwa kweli.

Hunipigia simu. Namwuliza swali moja tu, kama amekula. Anaanza na ngano, ilikotoka, walioivuna kwanza walikuwa kina nani. Zamani ningemkata. Siku hizi naiweka simu juu ya cherehani, naendelea kushona, nasikiliza mpaka afike mwenyewe.